Kumrushia Mpigaji wa Mkono wa Kushoto: Somo la Kriketi kwa Vikundi vya Vijana



Safari hii tunawaletea somo la mchezo. Wengine watauliza, kriketi na maendeleo ya kijiji ni wapi na wapi? Tunajibu hivi: kijana anayetoka kuchuma majani chai anahitaji kitu cha kumkalisha na wenzake jioni, na kriketi inafundisha kupanga kabla ya kutenda. Tena kuna watoto wetu wanaotumia mkono wa kushoto. Nyumbani hugombezwa, shuleni huchekwa. Katika kriketi mtoto huyo ni mali.

1. Kwa nini mashoto husumbua

Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo mrushaji huwazoea hao. Akija mashoto, mambo yote yanageuka. Mpira uliokuwa ukimkimbia mpigaji sasa unamwingilia, na ule uliokuwa ukiingia sasa unatoka. Wadakaji nao lazima wahame upande. Wakisimama pamoja mashoto na mwenzake wa kulia, kila wakipata mbio moja mrushaji anaanza hesabu upya. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa.

2. Mpira hupindaje hewani

Mpira wa kriketi ni wa ngozi, na una mshono katikati. Timu hung'arisha upande mmoja kwa kuusugua kwenye nguo, na kuuacha ule mwingine ukwaruzike. Mshono ukisimama wima na kuinamishwa kidogo, mpira mpya hupinda kuelekea upande uliokwaruzika. Kung'arisha kwa jasho kunaruhusiwa. Mate yalikatazwa katika mechi za kimataifa mwaka 2020, na mwaka 2022 katazo hilo likawa la kudumu. Mpira ukilowa hauna kazi, kwa hiyo kwetu Kericho na Bomet chezeni kabla mvua ya alasiri haijafika.

3. Mbinu mbili za mrushaji wa mkono wa kulia

Ya kwanza: Rusha ukiwa na wiketi upande wako wa kulia. Kutoka hapo mpira ulionyooka humwachia mashoto, ukienda nje. Mpe mitatu au minne ya namna hiyo mpaka azoee kuiacha au kuifuata. Kisha elekeza mshono kushoto kwako, upande unaong'aa ukiwa kulia. Mpira huo utaanza kama ile mingine, halafu urudi ndani kwenye miguu na vijiti. Uangushe karibu naye ili upate nafasi ya kupinda. Lakini kumbuka sheria: ukianguka nje ya vijiti upande wa miguu yake, hatatoka kwa mguu mbele ya wiketi.

Ya pili: Hamia upande wa pili, wiketi ikiwa kushoto kwako. Sasa mpira unamwelekea, naye analazimika kucheza. Elekeza mshono kulia, upande unaong'aa ukiwa kushoto. Mpira ukitoka nje dakika ya mwisho, utagusa ukingo wa gongo na kwenda kwa mlinda wiketi au kwa wadakaji wa slipu walio kando yake. Mwaka 2019 Stuart Broad wa Uingereza alimtoa David Warner wa Australia, ambaye ni mashoto, mara 7 katika mfululizo mmoja wa mechi 5. Aliitumia sana njia hii ya upande wa pili.

4. Ushuhuda wa Kenya

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilicheza na West Indies katika Kombe la Dunia. Sisi tulipata mbio 166 tu. Wenzetu walikuwa na mashoto wanne wa kutegemewa: Lara, Chanderpaul, Arthurton na Adams. Rajab Ali alimrushia Brian Lara, mpira ukadakwa na mlinda wiketi Tariq Iqbal, Lara akiwa na mbio 8. Baadaye Maurice Odumbe, aliyerusha mipira ya kuzunguka inayomkimbia mashoto, aliwatoa Chanderpaul na Adams, wote kwa kudakwa. West Indies waliishia 93. Hapo mrushaji hakufanya kazi peke yake. Kama mdakaji hayuko mahali pake, mbinu yote ni bure.

5. Mazoezi kwa pesa kidogo

Msitumie mchango wa kikundi kununua mpira wa ngozi kabla hamjajifunza. Chukueni mpira wa tenisi, fungeni nusu yake kwa tepi ya fundi wa stima, nusu iacheni na manyoya. Utapinda kuelekea upande wa manyoya. Pimeni mita 20, simamisheni vijiti vitatu, na wekeni kopo pale mpira unapotakiwa kuanguka. Kila mmoja arushe mara 6, na mtu aandike amelenga mara ngapi.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kikundi chetu, nani ni mashoto? Tumempa nafasi gani?
- Tunapokutana na jambo tusilolizoea, je, tunahama na kujipanga upya, au tunasimama pale pale?
- Mchumaji wa chai hutumia mikono yote miwili, na kwenye mizani hakuna anayeuliza jani hili lilichumwa na mkono upi. Basi kwa nini tumlazimishe mtoto abadilishe mkono?

Jadilianeni, kisha mwende uwanjani mjaribu.