Shule ya Alfajiri

Mji wa Bukavu umejengwa kando ya Ziwa Kivu. Ukiutazama kutoka mlimani, waona rasi tano zimeingia majini kama vidole vya mkono. Karibu na hapo mto Ruzizi hutoka ziwani na kushuka kusini mpaka Ziwa Tanganyika. Katika mji huo, upande wa Ibanda, iko shule kubwa ya sekondari juu ya kilima. Jina lake ni Alfajiri.

Lakini shule hiyo haikuanza na jina hilo. Mapadre Wajesuiti waliifungua mwaka 1938. Zamani hizo nchi ilitawaliwa na Wabelgiji, na mji wenyewe uliitwa Costermansville, kwa jina la mkubwa mmoja wa serikali yao. Shule iliwekwa chini ya ulinzi wa Mama Yetu wa Ushindi, ikaitwa kwa Kifaransa Notre-Dame de la Victoire.

Je, ni watoto gani waliosoma humo? Walikuwa watoto wa Wazungu. Mtoto wa Kikongo aliyepita njiani na mtungi wake aliziona kuta zile, lakini ndani hakuwa na kiti. Si kwamba alikosa akili. Desturi za ukoloni ndizo zilizomfungia mlango. Jambo hilo halikuwa la haki, kwa maana Mungu hakugawa akili kwa rangi ya ngozi.

Baadaye mlango ulifunguliwa. Wanafunzi wa Kikongo wakaingia, wakajifunza Kifaransa, Kilatini, hesabu na mengine mengi. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru. Katika miaka ya 1970, serikali ilipotaka majina ya kigeni yaachwe, shule nayo ikapata jina la Kiswahili.

Alfajiri ni saa ile ambapo jua halijatoka, lakini giza limekwisha kuanza kukimbia. Mkulima hutwaa jembe lake. Mvuvi aliyekesha ziwani na taa hurudi pwani na sambaza zake. Mwanga wa alfajiri huingia katika nyumba ya bati na katika kibanda cha nyasi. Haumwulizi mtu rangi wala kabila.

Basi, mtu aliyepata mwanga wa elimu aufanyie nini? Tumtazame Mjesuiti mmoja, mwana wa Kivu, jina lake Christophe Munzihirwa. Alikuwa amesoma sana, hata Ulaya. Mwaka 1994 aliwekwa kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Mwaka huohuo, baada ya mauaji makubwa ya Rwanda, wakimbizi wengi mno waliingia mjini, wenye njaa na wagonjwa. Askofu hakuitumia elimu yake kujipatia raha. Aliandika barua, akawaomba wakubwa wa dunia wawasaidie watu, akawakemea wenye silaha waliowaonea wanyonge. Vita ilipofika Bukavu mwaka 1996, hakukimbia. Tarehe 29 Oktoba askari walimwua katika njia ya mji. Alizikwa Bukavu, kati ya watu wake.

Kumbe, kusoma peke yake hakutoshi. Taa iliyofunikwa chungu haimwongozi mtu. Wewe unayeketi darasani leo, mkumbuke mwenzako ambaye hakupata kiti. Unachojifunza, kijifunze kwa ajili yake pia.

Maneno ya kujifunza

Rasi: nchi kavu iliyoingia majini.
Sambaza: samaki wadogo wa Ziwa Kivu.
Kuonea: kumtendea mnyonge yasiyo ya haki.

Maswali

1. Shule hii ilifunguliwa mwaka gani, na nani?
2. Kwa nini mtoto wa Kikongo hakuingia humo mwanzoni?
3. Alfajiri ni saa gani? Kwa nini jina hilo lafaa kwa shule?
4. Askofu Munzihirwa aliitumiaje elimu yake?
5. Nawe, ukimaliza masomo, utamsaidia nani?