Somo la 24: Jemadari Aliyerudisha Cheo Chake

Zamani mfalme wa Uingereza alitawala makoloni 13 upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini. Tarehe 4 Julai 1776, wajumbe wa makoloni hayo waliokutanika mjini Philadelphia walitangaza kwamba hawamtii mfalme tena. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, navyo viliendelea hata mwaka 1783. Jemadari wa Wamarekani alikuwa George Washington.

Vita vilipokaribia kwisha, ilizuka hatari nyingine. Baraza kuu, yaani Kongresi, halikuwa na haki ya kutoza kodi, kwa hiyo halikuwa na fedha. Askari walikaa miezi mingi bila mshahara. Katika kambi ya Newburgh maofisa walianza kunong'ona kwamba bunduki wanazo, basi na waitishe Kongresi.

Tarehe 15 Machi 1783 Washington aliingia mkutanoni mwao bila kutazamiwa. Aliwasihi wasichafue heshima yao. Kisha akatoa barua ili awasomee, lakini hakuweza kuona maandiko vizuri. Akavaa miwani, ambayo wengi hawakupata kumwona nayo, akawaomba radhi: mvi zimemwota katika kazi hii, na sasa macho nayo yanafifia. Waliposikia hayo, wengine walitokwa na machozi. Shauri lile baya likafa siku ile ile.

Vita vilikwisha. Jeshi lote lilimpenda Washington. Nani angemzuia kujifanya mfalme? Lakini tarehe 23 Desemba 1783 alikwenda mbele ya Kongresi mjini Annapolis. Wajumbe walikuwa wameketi, kofia vichwani; yeye alisimama akawainamia, maana jemadari ni mtumishi wa baraza. Mkono wake ulitetemeka alipokuwa akisoma. Akarudisha hati ya ujemadari, akaenda zake shambani kwake Mount Vernon.

Mwaka 1787 wajumbe walikutanika tena Philadelphia, wakaandika Katiba. Waligawanya mamlaka mafungu matatu: Kongresi yenye mabaraza mawili hutunga sheria, Rais huzitekeleza, mahakama huhukumu. Hivyo hakuna mmoja anayeshika yote. Mwaka 1789 Washington akawa Rais wa kwanza. Baada ya vipindi viwili vya miaka minne minne aliondoka kwa hiari yake, na mwaka 1797 John Adams akashika mahali pake.

Lakini tusifiche ubaya. Washington huyo alikuwa na watumwa zaidi ya 100, na Katiba ile iliuacha utumwa uendelee. Ulikomeshwa nchini mote mwaka 1865 tu.

Basi, watoto, cheo ni dhamana. Kukipata ni kazi. Kukirudisha kwa wakati wake ni kazi kubwa zaidi.

Maana ya maneno
Katiba: sheria kuu ya nchi, inayozishinda sheria nyingine zote.
Dhamana: kitu ulichokabidhiwa ukitunze, nacho si chako.

Maulizo
1. Kwa nini askari hawakupata mshahara?
2. Ni jambo gani lililowagusa maofisa mioyo?
3. Taja mafungu matatu ya mamlaka na kazi ya kila moja.
4. Watu gani hawakupata uhuru mwaka 1776?