Banda la Mbwa na Kamba Yake: Somo la Joto, Maji na Mwendo kutoka Karatu

Katika wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, mbwa ni mlinzi wa mji na wa shamba. Ndiye anayewatambua ngiri na nguruwe mwitu waingiapo katika mahindi, na ndiye anayebweka fisi anapozunguka zizi la mbuzi. Hata hivyo, katika miji mingi mlinzi huyu hulala chini ya upenu wa jiko, ambako mvua humfikia kutoka ubavuni, au hufungwa kwa mnyororo kwenye shina la mti tangu asubuhi hata asubuhi. Hali zote mbili huonekana kuwa jambo dogo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si dogo, na kwamba mwanafunzi wa sekondari anayo elimu ya kutosha kulirekebisha kwa mabanzi machache, waya na kamba.

Mahali na hali yake ya hewa

Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, ulio mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo, uko kwenye mita 2,300 hivi. Kwa wastani halijoto ya hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Kwa hiyo Karatu huwa na baridi zaidi ya pwani kwa karibu nyuzi 10, na ukingo wa Kreta huwa na baridi zaidi ya Karatu kwa nyuzi nyingine 5 hivi. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, usiku wa huko ukingoni huweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Jambo la pili ni upepo. Pepo za mashariki na kusini-mashariki huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Zinapokutana na miteremko ya nyanda za juu za Ngorongoro hulazimika kupanda, na hewa ipandayo hupoa, nao mvuke wake hugeuka kuwa ukungu na mvua. Hii ndiyo sababu miteremko inayotazama Karatu na Oldeani ina msitu mnene, ilhali upande wa magharibi, kuelekea bonde la Olduvai, ni mkavu. Kwa mjenzi wa banda maana yake ni moja: mvua ya Karatu aghalabu haianguki wima, bali huja ikisukumwa na upepo. Upenu peke yake hautoshi.

Hesabu ya mbwa aliyelowa

Manyoya ya mbwa humkinga na baridi kwa kuwa hushika hewa iliyotulia karibu na ngozi, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Manyoya yakilowa, maji huchukua mahali pa hewa. Hapo mbwa hupata hasara mbili: kinga yake huondoka, na maji yenyewe huanza kukauka kwa kutumia joto la mwili wake.

Hasara hiyo ya pili yaweza kukadiriwa. Tuseme mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15 amelowa kiasi kwamba manyoya yake yameshika robo lita ya maji, yaani kilo 0.25. Ili kilo moja ya maji igeuke kuwa mvuke katika hali ya kawaida ya hewa, huhitaji joto la kilojuli 2,400 hivi. Basi:

0.25 × 2,400 = kilojuli 600

Mbwa wa uzito huo, akiwa amepumzika, hutumia nishati ya kilojuli 2,200 hivi kwa siku nzima. Kwa hiyo kukausha manyoya mara moja tu huweza kugharimu zaidi ya robo ya nishati hiyo. Kama joto hilo lote lingetoka mwilini bila kurudishwa, halijoto ya mbwa, ambayo kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, ingeshuka kwa zaidi ya nyuzi 11, naye angekufa. Hafi kwa sababu sehemu ya joto hutoka katika hewa, na kwa sababu mwili wake huchoma chakula ili kufidia. Lakini chakula hicho kina mwenyewe. Gramu moja ya unga wa mahindi ina nishati ya kilojuli 15 hivi, hivyo kilojuli 600 ni sawa na gramu 40 za unga. Mbwa akilowa usiku 60 katika masika, hizo ni kilo 2.4 za unga zilizotumika kukausha maji ya mvua. Mwenye mji asiyempa mbwa nyongeza hiyo humwona akikonda, na husema kwamba ana minyoo.

Banda na sababu za vipimo vyake

Mbwa aliyelala hutoa joto la wati 25 hivi, sawa na balbu ndogo ya umeme. Kanuni ya kwanza ya banda hutokana na tarakimu hiyo: lisiwe kubwa. Banda likiongezwa mara mbili kwa urefu, upana na kimo, eneo la kuta zake huongezeka mara nne, na kwa hiyo joto lipotealo nalo huongezeka mara nne hivi, ilhali balbu ni ileile. Kwa mbwa wa kienyeji mwenye kimo cha sentimita 50 begani, yatosha banda lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 60, kimo cha 70 mbele na 60 nyuma. Mbwa aweze kuingia, kugeuka na kujikunja, basi.

Sakafu. Iinuliwe sentimita 15 juu ya ardhi kwa mawe manne au vigingi. Udongo mwekundu wa Karatu hugeuka kuwa tope wakati wa masika, na udongo uliolowa hunyonya joto la mnyama kwa upesi. Hewa iliyo chini ya sakafu huzuia jambo hilo, na huzuia pia mbao zisioze.

Kuta. Mabanzi ya mkaratusi au mgrevilea hupatikana kwa bei nafuu mahali papasuliwapo mbao. Yapigiliwe kwa kulaliana, la juu likilifunika la chini kwa sentimita 3, ili maji yateremke nje. Mbao hupitisha joto kwa kiasi kidogo sana kikilinganishwa na chuma, ambacho hulipitisha mamia ya mara zaidi. Kwa ajili hiyo kuta za mabati hazifai.

Paa. Bati huzuia mvua vizuri, lakini lina kasoro. Usiku usio na mawingu, bati hupoteza joto lake kwa kulinururisha kuelekea angani hata likawa baridi kuliko hewa. Mvuke wa pumzi ya mbwa hugusa bati hilo, hugeuka kuwa matone, na banda hunyesha ndani bila mvua. Dawa yake ni kuweka tabaka la nyasi kavu lenye unene wa sentimita 10 chini ya bati, likishikiliwa na fito. Nyasi hizo hizo huzuia joto la jua la mchana. Paa lichomoze sentimita 20 pande zote, na lifungwe kwa bawaba upande mmoja ili liweze kuinuliwa wakati wa kusafisha.

Mlango. Uelekezwe upande usio na upepo, ambao mahali pengi pa Karatu ni magharibi au kaskazini-magharibi. Usiwe katikati ya ukuta bali kandoni, ili mbwa alale pembeni ambako upepo haumfikii. Upana wa sentimita 30 na kimo cha 45 vyatosha, pamoja na kizingiti cha sentimita 10 cha kuzuia maji na kushikilia matandiko. Chini ya paa, upande huo huo wa mlango, yaachwe matundu madogo ya kutolea unyevu.

Matandiko. Mabua makavu ya ngano, ambayo Karatu haina uhaba nayo baada ya mavuno, ni bora kuliko magunia na nguo kuukuu. Mabua hushika hewa na kuacha maji yapite, ilhali nguo hushika maji. Yabadilishwe kila wiki mbili na ya zamani yachomwe, kwa maana viroboto hutaga humo. Usafi huu si anasa: viroboto ndio waenezao tauni, ugonjwa ambao umewahi kuzuka katika Lushoto na Mbulu.

Kamba: jiometria na kani

Mbwa aliyefungwa kwenye mti hujizungusha, kamba ikafupika hata akashindwa kufikia maji. Akifungwa karibu na ua, huruka na kuning'inia upande wa pili, akanyongwa. Wengi hudhani kwamba dawa ni kurefusha kamba. Lakini mbwa mwenye kamba ndefu hupata nafasi ya kukimbia kabla ya kamba kukazika. Mbwa wa kilo 15 akimbiaye mita 6 kwa sekunde ana nishati ya mwendo ya juli 270. Mnyororo usionyumbuka ukimsimamisha katika sentimita 5, kani shingoni mwake ni:

270 ÷ 0.05 = nyutoni 5,400

Kani hiyo yazidi uzito wa magunia matano ya mahindi ya kilo 100. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kikiungwa katika kamba, na kumsimamisha mbwa katika sentimita 50, kani hupungua mara kumi.

Njia iliyo bora ni waya wa juu. Nguzo mbili huchimbiwa zikiachana mita 13, na waya hukazwa baina yake kwa kimo cha mita 2. Pete ya chuma hutelezea kwenye waya, na kamba hufungwa kwenye pete hiyo. Mkanda wa shingo ukiwa mita 0.5 kutoka ardhini, tofauti ya kimo ni mita 1.5. Kwa kamba ya mita 2.5, kanuni ya Pythagoras huonyesha kwamba mbwa aweza kwenda mita 2 kila upande wa waya. Vizuizi viwili vifungwe kwenye waya, kila kimoja mita 2.5 kutoka nguzo yake, ili mbwa asiweze kuizunguka nguzo. Pete ikiwa na mita 8 za kutelezea, eneo lake ni mstatili wa mita 8 kwa 4 pamoja na nusu-duara mbili, yaani mita za mraba 44 na zaidi. Kamba ya mita 3 iliyofungwa kwenye kigingi ingempa mita za mraba 28 tu.

Kamba iwe na kiungo kinachozunguka ili isisokoteke, na mkanda wa shingo uache nafasi ya vidole viwili. Maji na kivuli viwe ndani ya eneo lake, kwani mbwa hupoza mwili kwa kuhema, wala hatoki jasho kama binadamu. Tena kamba ni ya saa chache. Mbwa afungwaye mchana kutwa huwa mkali kwa watoto wa mji wenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imemwekea kila mwenye mnyama wajibu wa kumtunza.

Usiku kando ya msitu

Jua likitua, kamba ifunguliwe. Vijiji kama vile vya Rhotia na Oldeani viko jirani na msitu wa hifadhi, na chui hupenda nyama ya mbwa. Mbwa aliyefungwa uwanjani usiku hana tofauti na chambo. Aingizwe bandani, na mlango ufungwe kwa kilango cha mbao chenye mianya ya hewa na komeo la nje. Atabweka kutoka humo humo, maana kazi yake ni kutoa habari, si kupigana.

Mbwa aachwaye huru usiku naye huingia msituni na kukutana na fisi na bweha, na hapo hatari huwa ya pande zote. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao virusi vyake viliwiana na vile vya mbwa wa kufugwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mwaka 2001, baada ya ukame wa mwaka uliotangulia, ukawapata simba wa Kreta ya Ngorongoro. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba distempa huzunguka hata miongoni mwa wanyamapori, hivyo kuwachanja mbwa peke yao hakuimalizi. Kichaa cha mbwa ni tofauti: katika eneo la Serengeti, watafiti wamebaini kwamba mbwa wa kufugwa ndio wanaoudumisha ugonjwa huo. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizo hukatika.

Hapa ndipo kamba inapopata thamani yake kubwa. Siku ya chanjo kijijini, mbwa ambaye hajapata kuvaa mkanda hashikiki. Humwuma mwenyewe, hukimbia, na hurudi nyumbani bila sindano. Mbwa aliyezoezwa kamba huletwa hata na mtoto. Aumwaye na mbwa yeyote, naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa dalili za kichaa zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Mambo ya kufanya shuleni

1. Fungeni utepe kwenye mti katika uwanja wa shule, na kuandika uelekeo wa upepo asubuhi na jioni kwa wiki nne. Mlango wa banda ungetazama wapi?

2. Jazeni chupa tatu maji ya moto yenye halijoto moja. Ya kwanza ifungwe kwa kitambaa kikavu, ya pili kwa kitambaa kilicholowa, ya tatu izungushiwe mabua ya ngano. Pimeni halijoto kila baada ya dakika 10, na kuchora grafu.

3. Kamba ya waya wa juu ikirefushwa hadi mita 3.5, mbwa atafika umbali gani kutoka chini ya waya? Vizuizi navyo vihamishwe hadi wapi?

4. Hesabuni mbwa wa miji kumi iliyo jirani na shule: wangapi wamechanjwa, na wangapi wamezoea kamba? Linganisheni tarakimu hizo mbili.