Fremu ya Baiskeli: Chuma au Kaboni?

Yafaa mkulima anayebeba maziwa au magunia kwa baiskeli ajue fremu yake imeundwa kwa kitu gani.

Fremu ya kaboni hufanywa kwa nyuzi nyembamba za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Ni nyepesi sana: chuma cha ukubwa ule ule huwa na uzito karibu mara 5. Tena haishiki kutu. Ndiyo sababu waendeshaji wa mashindano huipenda. Lakini ikigongwa na jiwe, au ikibanwa mno na keria, yaweza kupasuka ndani bila kuonekana nje, kisha ikavunjika ghafula.

Chuma kwa kawaida hupinda kwanza, au huonyesha ufa mdogo, nawe hupata nafasi ya kushuka. Fundi wa kuchomelea aweza kukiunga. Adui yake ni kutu.

Basi kwa mizigo chagua chuma. Kila juma futa matope, ukatazame viungo vyote, hasa chini ya kiti na penye pedali. Ukiona rangi imepasuka mstari, usipakie mzigo. Huenda chini yake pana ufa. Mpelekee fundi kwanza.