Kasuku wa Mwitu Wetu

Watoto, kasuku mnamjua. Manyoya yake ni ya kijivu, mdomo wake mweusi, na mkia wake mwekundu kama pilipili iliyoiva. Watu humpenda kwa kuwa huiga maneno yao. Lakini wachache wamemwona kwao.

Kwao ni mwituni. Ukitoka Bunia ukafuata barabara ya Komanda na Mambasa, majani ya uwanda yanakwisha na miti mikubwa inaanza. Huko kasuku huruka asubuhi kutafuta matunda. Tunda la mchikichi hulipenda sana. Jioni hukusanyika kulala juu ya miti mirefu.

Sasa tufanye hesabu. Kasuku jike hutaga mayai 3 mpaka 5 tu, ndani ya tundu la mti mkubwa. Huyaatamia karibu siku 30. Makinda hukaa tunduni karibu miezi 3, ndipo waruke. Tena hupita miaka kadhaa kabla nao hawajazaa. Lakini mtegaji hupaka ulimbo matawini, humfunga kasuku mmoja ili awaite wenzake, na kwa siku moja hunasa wengi. Hutiwa katika masanduku, wakisongamana, na wengi hufa njiani. Kilichojengwa kwa miaka huharibika kwa siku moja.

Ndivyo ilivyokuwa Ghana. Zamani kasuku walijaa huko. Tangu mwaka 1992 wamepungua zaidi ya 90 katika kila 100. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg, yakakataza biashara ya kasuku wa mwitu kati ya nchi na nchi. Kwetu Ituri iko Hifadhi ya Okapi, iliyowekwa mwaka 1992, ili wanyama na ndege wa mwitu wakae salama. Na huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kasuku walionyang'anywa wachuuzi hutunzwa mpaka mabawa yao yapone.

Labda mtu atasema: “Huyu amekwisha kukamatwa. Nikimnunua mmoja, kosa ni nini?” Fikiri vema. Fedha yako ndiyo itakayonunua ulimbo wa kesho. Pasipo mnunuzi, hapana mtegaji.

Maswali
1. Kasuku hutaga mayai mangapi, na wapi?
2. Mtegaji huwanasaje?
3. Mataifa yalikataza nini mwaka 2016?
4. Jirani akitaka kukuuzia kasuku, utamjibu nini?