Dondoo Muhimu: Kusajili Kituo cha Taka za Hatari

Yeyote akusudiaye kufungua kituo cha taka za hatari nchini Kenya, na azingatie haya kabla ya kupokea hata debe moja la oili chafu:

• Tathmini ya athari kwa mazingira ndiyo itanguliayo, ndipo ombi la leseni lifikishwe NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999.
• Leseni ya kituo haimhalalishii mtu kusafirisha taka, kwani kila amali ina idhini yake.
• Kila shehena iandamane na hati ya ufuatiliaji, na nakala ihifadhiwe kwa amana.
• Vyombo viandikwe vilichobeba pamoja na onyo, wala asidi na dawa zisichanganywe.
• Leseni ina muda maalumu. Ihuishe kabla haujamalizika.