Majivu ya Volkano Yakianza Kudondoka: Namna ya Kulinda Pumzi

Septemba 2007 mlima Ol Doinyo Lengai, kule Tanzania, ulianza kurusha majivu juu ya malisho na maboma ya Wamaasai, na milipuko ikaendelea hadi 2008. Mei 2021, siku chache baada ya lava ya mlima Nyiragongo kushuka, majivu yalidondoka Goma, Kongo, pia. Wanaoishi karibu na milima hii wanapaswa kujua la kufanya kabla anga halijabadilika rangi.

Majivu haya ni mwamba uliosagwa na mlipuko. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Zile ndogo kuliko mikromita 4, yaani sehemu 4 za elfu moja za milimita, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu. Kinga ya kwanza ni kukaa mbali nayo. Barakoa inafuata baadaye.

1. Jiandae mapema. Weka akiba ya maji ya kunywa, chakula cha siku kadhaa, tochi, na barakoa za N95 au FFP2 kwa kila mtu mzima. Mwenye pumu ahakikishe dawa yake ya kuvuta haijaisha.

2. Ingia ndani. Funga milango na madirisha, kisha ziba nyufa kwa taulo au matambara yaliyoloweshwa. Anayetoka nje akung'ute nguo na kuvua viatu kabla ya kuingia. Mamlaka zikiagiza watu wahame, hameni. Nyumba iliyofungwa haizuii lava.

3. Usiwashe jiko la mkaa ndani. Nyumba ikishafungwa, monoksidi ya kaboni kutoka kwenye mkaa au jenereta hujaa bila harufu na huua watu usingizini. Kula vyakula visivyohitaji moto, na usivute sigara ndani.

4. Ukilazimika kutoka, vaa barakoa ikukae sawasawa. Pitisha mkanda mmoja juu ya masikio na mwingine chini yake, kisha bana chuma cha puani. Pumua kwa nguvu: ukihisi hewa ikitoka pembeni, majivu nayo yataingilia hapo hapo. Ndevu huacha mwanya, kwa hiyo zinyoe. Vaa miwani, na kama unatumia lenzi za machoni, zitoe.

5. Huna N95? Tumia kilichopo. Barakoa ya hospitali huchuja vizuri, ila huvuja pembeni. Funga kitambaa juu yake ili ibane uso. Kanga au kitenge kilichokunjwa mara kadhaa huchuja kidogo tu, lakini ni afadhali kuliko kutoka uso wazi. Wengi hulowesha kitambaa wakidhani kitanasa zaidi. Maji hayaongezi kinga hiyo, na kupumua kunaweza kuwa kugumu.

6. Wape nafasi ya kwanza walio dhaifu. Watoto, wazee, na wenye pumu, ugonjwa wa mapafu au wa moyo wabaki ndani kabisa. Mtoto mchanga asivalishwe barakoa. Mtoto mkubwa asicheze kwenye majivu hata kama yameacha kudondoka, kwa sababu kila hatua huyatimua upya.

7. Safisha bila kutimua vumbi. Vaa barakoa, nyunyiza maji kidogo, kisha zoa taratibu. Usimwage maji mengi juu ya paa: majivu yaliyolowa ni mazito na yanaweza kuliangusha. Tenganisha mabomba yanayopeleka maji ya mvua kwenye tangi kabla ya kuanza. Mwaka 2005 majivu ya volkano ya Karthala, kule Ngazidja, Komoro, yaliharibu maji ya mvua ambayo familia nyingi zilikuwa zimeyahifadhi.

8. Usiitegemee barakoa mbele ya gesi. N95 hunasa chembe tu. Watu wa Goma wanaijua mazuku, hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi inayotuama mabondeni na mashimoni, ikiua watu na mifugo. Usiingie humo, usilale humo, na usimfuate aliyeanguka humo, kwani utaanguka naye. Ukisikia harufu kali ya kiberiti, ondoka kuelekea upande upepo unakotoka.

Kikohozi chepesi na koo kuwasha mara nyingi hupungua mtu akishaondoka kwenye majivu. Kifua kikibana, mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka rangi, au dawa ya pumu isipomsaidia, mpelekeni kituo cha afya mara moja, hata kama majivu bado yanadondoka.